Vitabu vya Mastura Vimerudi

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi imetukalia hapa Kibra wiki nzima na leo jua halikutoa hata kichwa. Nilikwenda Kawangware na ukungu, nikarudi na ukungu. Magoti yananiuma. Kifua pia kinaniuma, na kwa kuwa mimi ni dresa wa hospitali, mfunga vidonda, tangu ujana, nimejipima mwenyewe: si homa, si kikohozi.

Katika daftari hili huwa naandika mambo mepesi. Mvua imenyesha, mgonjwa fulani ameruhusiwa kwenda kwao, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mahindi. Mazito nayaruka. Leo sitaruka.

Mwanangu Mastura amerudisha vitabu vyake.

Vililetwa juzi, Ijumaa. Nilipotoka msikitini nilimkuta Bi Zuhura amekaa barazani kwetu, bado ana vumbi la safari. Bi Zuhura ni jirani yetu hapa Makina, ndani ya Kibra. Husafiri kwa treni mpaka Kibos kuuza mikeka, na tangu Mastura aolewe huko, miaka miwili sasa, ndiye anayetupelekea na kutuletea salamu. Miguuni pake palikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kamba. Nililitambua kabla sijamsalimia. Zamani lilikuwa la chupa za dawa; nilipewa hospitalini, nikalisugua kwa mchanga mpaka likaacha kunuka, nikampa binti yangu atie vitabu siku aliyoondoka.

Bi Zuhura alinipa barua ya mkwe wangu, Faraj, kisha akataka kusema neno. Nilimkatiza. Nilimwambia sina haja ya kuelezwa, naona kwa macho yangu: mwanamume amechoka kumwona mkewe anasoma, kwa hiyo amevitoa vitabu nyumbani mwake. Nikasema na mengine juu ya Faraj ambayo sitayaandika. Barua nikaisukuma kwenye mfuko wa koti bila kuifungua. Nilidhani najua kilichomo.

Mke wangu, Mama Mastura, alitokea mlangoni. Alimshika Bi Zuhura mkono wakaingia jikoni, wakakaa huko muda mrefu. Mimi nikabaki na sanduku.

Inafaa niseme ni vitabu vya namna gani, maana hapa mtaani watu waliviita vitabu vya majini.

Cha kwanza nilikileta mimi. Wakati wa vita nilikuwa dresa wa kikosi, na ofisa mmoja aliyepona alikiacha chini ya kitanda. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Nilipoachiliwa jeshini nikamletea Mastura kama vile mtu anavyomletea mtoto kopo tupu achezee. Alikuwa na miaka kumi, anasoma shule ya hapa Kibra kwa Mwalimu Ezekieli, mzee wa Kawangware aliyekuja kwa miguu kila asubuhi. Mtoto akaanza kukichambua kile kitabu neno kwa neno, na yale yaliyomshinda akampelekea Mwalimu. Miezi ikapita. Siku moja akaja akanisimamia mbele.

"Baba, unajua ulichobeba? Kuna watu tisa wamepanda chombo cha chuma, wamekwenda kwenye nyota ambako mvua hutoka ardhini ikapanda juu."

Nilicheka, nikamwambia anisomee.

Ikawa desturi. Nikitoka kazini saa kumi na moja, chai inanisubiri barazani na Mastura ananisubiri na kitabu. Anasoma Kiingereza kimoyomoyo, anainua uso, ananipa Kiswahili. Mwalimu Ezekieli alipoona hamu yake akaanza kumwazima vitabu vyake mwenyewe, alivyokuwa akinunua vikuukuu mjini kwa Mhindi mmoja. Vyote vilikuwa vya aina hiyo: safari za kwenye nyota, falme ambazo haziko kwenye ramani yoyote, mashine zenye akili, wanyama wanaowashtaki watu mahakamani. Kiingereza changu mimi ni cha kusoma chupa za dawa tu. Bila yeye nisingeyajua hayo maisha.

Wala hakusoma tu. Alihukumu. Kila alipomaliza kitabu aliandika maoni yake, akayakunja na kuyatia ndani ya kitabu chenyewe. Karatasi nilimletea mimi, chati za homa zilizoharibika hospitalini: upande mmoja mistari ya homa ya mtu inapanda na kushuka, upande wa pili maneno ya Mastura. Mwishoni alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa tatu. Kisomwe. Kiazimwe, kisinunuliwe. Na ya tatu ilikuwa Kifungie njugu, yaani kurasa zake zifae tu kufungia karanga.

Juu ya wale watu tisa aliandika hivi: "Wamefunga safari ya miezi minane. Wamebeba darubini, bunduki na bendera. Hakuna aliyebeba chumvi. Mwandishi huyu hajawahi kupika. Lakini ile mvua inayopanda ni nzuri mno, nimeiota mara mbili. Kisomwe."

Kulikuwa na kingine, cha mashine iliyojifunza kulia. Mimi nilikipenda sana. Yeye akaandika kwamba mwandishi ametumia kurasa arobaini kueleza magurudumu na mstari mmoja kueleza machozi, basi Kifungie njugu. Nilimtetea mwandishi. Mastura akaniambia kwamba mimi napenda kila kitu kinachozunguka, hata feni ya ofisi ya daktari.

Sikuwahi kumwambia jambo moja. Nilirudi kutoka vitani na ukimya ambao mama yake hakujua aufanye nini. Nilikuwa nikikaa na watu nikiwa siko nao. Ni mtoto yule aliyenirudisha kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, kwa habari za watu wasiokuwapo.

Na huyo ndiye niliyemtoa nyumbani bila kumuuliza.

Alipofika miaka kumi na saba, mjane wa Sajini Marjan alikuja kwetu na wazee wawili. Sajini Marjan alikuwa rafiki yangu wa kambini. Alinibeba mgongoni siku ambayo miguu yangu haikufanya kazi, na baadaye yeye hakurudi. Tukiwa hai wote wawili tulisema, kama wanaume wanavyosema wakiwa mbali na kwao, kwamba mwanawe atamwoa binti yangu. Sasa mwanawe Faraj alikuwa amekua, seremala wa Kibos, kijana mpole asiye na neno na mtu. Mjane alisema kwa sauti ya chini kwamba amekuja kuuliza kama lile neno la marehemu bado lipo.

Nilijibu ndiyo kabla vikombe vya kahawa havijaondolewa. Watu walinisifu kwa kulinda ahadi ya mtu aliyekufa.

Sasa nafika mahali ninaporuka siku zote.

Siku tano kabla ya wageni hao, Mwalimu Ezekieli alinisimamisha karibu na reli. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akaniambia shule inafungua darasa la wasichana wadogo na inataka mwalimu binti wa hapa hapa Kibra, atakayefunzwa kazi huku akifundisha. Ametaja jina la Mastura, na limekubaliwa. Hakutaka kumwambia mtoto kabla ya baba yake, kwa heshima. Akanisihi nimwambie mimi mwenyewe ili nimwone uso atakavyofurahi.

Nilifurahi, naapa nilifurahi. Nilitembea kwenda nyumbani nimeibeba ile habari kama mtu aliyebeba bakuli limejaa. Nilipofika mlangoni nikamsikia Mastura ndani anasoma kwa sauti, anabishana na kitabu. Nikasimama. Nikawaza: msichana mwenye mshahara wake, mwenye vitabu hivi, nani tena atamwambia kitu akasikia? Tayari watu walikuwa wakinitania kwamba binti wa Dresa anazungumza na nyota. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Halafu wageni wakaja, na baada ya wageni ile habari haikuwa na mahali pa kukaa.

Kwa Mwalimu nilipeleka salamu kwamba Mastura ameshukuru sana lakini amechagua kuolewa.

Sikumwambia Mastura. Sikumwambia mama yake. Sikumwambia hata daftari hili.

Habari ya ndoa ndiyo niliyompa. Nilimkuta barazani, kitabu kiko mapajani. Nilizungumza kwa muda mrefu, juu ya Sajini Marjan, juu ya ahadi, juu ya wema wa Faraj. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshawajibu?"

"Nimewajibu."

"Basi hukuja kuniuliza, Baba. Umekuja kuniambia."

Hakulia. Alifunua ukurasa uliofuata, na niliona macho yake hayasogei. Baadaye aliomba jambo moja tu, aende na vitabu vyake pamoja na vile alivyoazimwa na Mwalimu. Mwalimu akasema akae navyo. Faraj naye akasema vitabu havimnyimi mtu nafasi ya kulala. Siku ya harusi wanawake walipiga ngoma ya doluka tangu alasiri, Mastura akacheza mbele ya ngoma kama bibi harusi anavyotakiwa, na watu wakasema mwanamwali amefurahi. Mimi nilimjua akifurahi. Hakuwa hivyo.

Lakini hakunitupa. Kila Bi Zuhura aliporudi kutoka Kibos aliniletea kikaratasi kimekunjwa, kitabu fulani kimesomwa tena na hukumu imebadilika, au imebaki ile ile. Nilivisoma nikiwa peke yangu, nikivisoma najiambia: unaona, yuko sawa, bado anahukumu.

Mwezi wa nne vikakoma. Bi Zuhura alikuja na salamu tupu. Mwezi wa tano vile vile, na wa sita. Nikaanza kumshuku Faraj. Sanduku lilipokuja juzi, nilikuwa nimeshamhukumu zamani.

Leo asubuhi nilitia vitabu vyote kwenye gunia nikashika njia ya Kawangware. Sita kati yake ni vya Mwalimu, lazima virudi kwake, na vingine nilitaka anishauri nivifanyie nini. Hayo ndiyo niliyomwambia mke wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu wa kulaumu pamoja naye.

Mwalimu amestaafu tangu mapema mwaka huu. Nilimkuta ametoka kanisani, bado amevaa tai, anamkatia ng'ombe majani. Aliacha panga, akaninawisha mikono, mkewe akaleta chai ya maziwa. Nikapanga vitabu mezani. Nikaanza maneno yangu juu ya wanaume wanaoogopa wake wanaosoma. Mwalimu hakuyafuata. Alikuwa anavigusa vitabu kimoja kimoja, kama mtu anayewapokea watoto waliotoka safari.

Akakuta vikaratasi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Kwenye kile cha wanyama mahakamani Mastura aliandika: "Ng'ombe ameshinda kesi na watu wote wamepiga makofi. Hakuna aliyemuuliza ng'ombe anataka kwenda wapi sasa. Kiazimwe, kisinunuliwe." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akasema amefundisha watoto wengi, lakini mwenye jicho kama hili alimpata mmoja tu. Kisha akauliza kwa upole kama Mastura alikasirishwa na barua yake.

Nikauliza barua gani.

Akanieleza. Alipostaafu, mwezi wa tatu mwishoni, alimwandikia. Alitaka kumwambia kwamba hata huko Kibos kuna shule inayoweza kumhitaji, na yeye yuko tayari kumwandikia barua ya kumsifia. Na humo ndani alimuuliza, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa halijamtoka moyoni, kwa nini alikataa lile darasa la wasichana. Hakuwa anamlaumu. Alitaka kujua tu. Mastura hakumjibu.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini.

Mwalimu aliniangalia. Mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka yote hiyo anaujua uso wa mwenye kosa.

"Dresa. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Hakunikaripia. Aliinuka, akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani amesimama karibu na ng'ombe wake ameweka mkono juu ya boriti ya zizi. Alikaa huko mpaka chai yangu ikapoa. Ningefurahi zaidi angenitukana. Aliporudi alikaa palepale pake, akaionyesha barua iliyochungulia kutoka mfukoni mwangu, akauliza kama ni ya mkwe na kama nimeisoma. Nikaifungua mbele yake.

Faraj ananiomba radhi. Anasema Mastura alitaka kurudisha vitabu tangu mwezi wa tano, na yeye alimkatalia mara mbili. Alimtengenezea rafu ya mvule ya kuvipanga. Anasema jioni, yeye akipiga randa, Mastura alikuwa akimsomea, naye alizoea. Kuna hadithi moja ya watu tisa ambayo aliiomba mara tatu. Sasa Mastura hasomi tena. Anapika, anafagia, anaongea vizuri na kila mtu. "Rafu iko tupu na nyumba imekuwa kimya, Baba," ameandika, "na sijui nimekosa nini. Tafadhali mwandikie, wewe atakusikia."

Siku mbili nzima nilikuwa nikimtukana kijana huyu.

Mwalimu alikuwa amefungua kitabu cha mwisho, kile kinene cha ufalme ambako kila mtu huzaliwa na mto wake mdogo unaomfuata popote aendapo. Alitoa kikaratasi, akasoma mstari wa kwanza, akasita, akanipa. Akasema hiki si chake.

Nakinakili hapa chote.

"Baba, hiki sikukimaliza. Si kibaya. Nimefika mahali msichana anaambiwa achague, nikakifunga. Mwalimu aliniandikia, kwa hiyo sasa najua. Zamani nilikuwa nikifunga kitabu narudi nyumbani. Siku hizi nikikifunga nakaa nikiwaza ningekuwa wapi, nimevaa nini, wasichana wangapi wako mbele yangu, nimewafundisha nini leo. Mpaka ugali unaungua. Faraj ni mtu mwema. Nataka kumpenda kama anavyostahili, na siwezi nikiwa naishi mahali pawili. Narudisha vyote. Wapeni watoto wa shule. Vyote visomwe."

Nimekisoma mara nne pale mezani. Kila mara nilitafuta neno la kunitukana, sikulipata. Nyuma yake kuna homa ya mgonjwa nisiyemkumbuka, imepanda siku tatu, imeshuka.

Niliviacha vitabu vyote kwa Mwalimu. Alisema atavipeleka shuleni mwenyewe, na vikaratasi vya maoni ataviacha ndani yake, watoto wamsome na Mastura. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipoagana alinishika mkono muda mrefu, kisha akageuka.

Njia ya kurudi sikuiona. Najua nilivuka reli kwa sababu nilijikwaa.

Mama Mastura alikuwa sebuleni anasuka kifuniko cha sinia, nyasi nyekundu na za rangi ya machungwa zimemzunguka. Nilikaa chini mbele yake, kwenye mkeka, jambo ambalo sijalifanya miaka mingi, nikamweleza yote. Reli, bakuli lililojaa, kesho na kesho, salamu za uongo nilizopeleka kwa Mwalimu. Mkono wake uliendelea kusuka. Nilipofika kwenye lile darasa, ukasimama.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Alikuwa ameshaambiwa. Ndiyo yaliyozungumzwa jikoni Ijumaa. Alikuwa akisubiri nimwambie mwenyewe, siku mbili, huku akinisikia namtukana Faraj.

Nikamwambia Jumatano napanda treni kwenda Kibos. Nitaomba ruhusa hospitalini, wakininyima nitakwenda vile vile. Nitamwangukia binti yangu miguuni ikibidi.

"Usiende."

Aliuweka ususi wake pembeni. Akanieleza kwa utulivu, kama ninavyowaeleza wagonjwa jambo zito. Mastura ana mimba ya miezi mitano. Alimpa Bi Zuhura maneno mawili, moja la mama, moja la baba, na akamwambia la baba lisitolewe mpaka baba akiri mwenyewe alichofanya.

"Amesema niende mimi, nikae naye mpaka ajifungue. Wewe amesema usubiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Hakusema."

Nilitaka kubishana. Nilitaka kusema mimi ni baba yake, mimi ni dresa, nimesaidia wanawake wangapi kujifungua kambini na wodini, nitakosaje kuwapo kwa wa kwangu. Maneno yalifika mdomoni, nikayasikia yalivyo. Yote yalikuwa yangu. Hakuna hata moja lililokuwa lake.

Nikayameza.

Magharibi imepita sasa. Mama Mastura yuko chumbani anakunja nguo, ametoa gurbaba yake mpya ya kujifunga na vitambaa laini vya mtoto ambavyo sikujua alikuwa navyo. Mimi nimekaa na daftari hili, nimejaribu kumwandikia Mastura barua aende nayo mama yake. Ya kwanza ilianza na Sajini Marjan. Nikaichana. Ya pili ilianza na maneno ya watu wa mtaani. Nikaichana. Ya tatu ilikuwa ndefu na nzuri, na ilinitetea kuliko zote.

Ya nne ina mistari miwili. "Nilijua juu ya darasa kabla wageni hawajaja. Nilikuficha, na nilimdanganya Mwalimu kwamba ulikataa mwenyewe." Nimeandika jina langu chini. Mama yake amesoma, akauliza kama amwombe Mastura jibu la kuniletea. Nimemwambia sijauliza kitu humo.

Faraj nimemwandikia pia. Nimemwambia hakukosa neno. Hilo lilikuwa rahisi kidogo kuliandika, na lilinitoa machozi zaidi.

Je, mtu anasubiri vipi kitu ambacho hakuahidiwa? Wagonjwa wangu hunisumbua na swali hilo kila siku, nami huwaambia wanywe dawa na walale. Sikujua nilikuwa nawajibu ovyo kiasi hicho.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Kuna vidonda vya kusafisha kabla daktari hajapita, na mzee mmoja wa kitanda cha mwisho hakubali mtu mwingine amfunge bandeji. Nitakwenda. Jumatano nitambebea Mama Mastura mzigo mpaka stesheni, nitamtafutia nafasi karibu na dirisha, nitamkabidhi barua zote mbili, halafu nitashuka kabla treni haijaondoka.